Jiwe Lisilolilia Jina

Jiwe lilikuwa na namba, halikuwa na jina, na kwa miaka ishirini na mitatu Nyamizi hakuona ubaya wowote. Yeye ndiye aliyeligundua, na kwa desturi ya wanafalaki mgunduzi ndiye mwenye haki ya kulipa jina, haki isiyochacha maadamu mwenyewe yu hai. Wenzake walipomuuliza anangoja nini, jibu lake lilikuwa moja: kwao Nzega mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo pale anapolililia, na jiwe lile halijawahi kulia hata siku moja. Watu walicheka. Naye alicheka, enzi hizo.

Asubuhi hii hakuna aliyecheka. Bwana Elifasi Mrutu wa Ofisi ya Majina alikuwa amezipanda ngazi zote za kituo cha darubini, zile zilizochongwa kwenye majabali, na alipofika juu ilimbidi ashike ukuta kwanza ndipo ashike adabu. Alikuwa Mpare mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuingia nyumba za watu akiwa na habari nzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Chai ipo."

"Pole sana na msiba. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Asante. Nimeshapoa."

Hakuwa amepoa, ila hakuwa akiungua pia. Tangu habari ifike, miezi mitano nyuma, Nyamizi alikuwa kama mguu uliokaliwa hadi ukafa ganzi: upo, ni wako, lakini ukiuminya husikii kitu. Watu walimkalia matanga bila maiti. Walikuja, wakatandika mikeka, wakapika, wakalia, na arobaini ilipopita wakaikunja mikeka yao wakaenda. Yeye alipita katikati yao akigawa uji kama jirani aliyekuja kusaidia. Shangazi zake walinong'onezana jikoni kwamba mfiwa hajatoa chozi, na alipowasikia alijaribu kutoa, kwa heshima yao, likakataa.

Mihayo alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa mchimbaji wa barafu ndani ya jiwe lile lile aliloligundua mama yake, huko katika ukanda wa mawe ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Siku moja ukuta wa barafu ulijifunga, naye akiwa ndani ya ufa. Wenzake walivuta kamba ikarudi tupu. Mpaka leo yumo humo, mahali fulani katika ule mshipa mweupe, na hakuna chombo kinachoweza kumwona. Mashine ya kuchimbia ni kipofu. Hukata, husaga, hupasha moto, na upande wa pili hutoka maji.

Ndiyo maana alikuwa amemwita Bwana Mrutu. Leo alitaka kulipa jiwe lile jina, na jina lenyewe lilikuwa Mihayo.

"Sheria inanitaka nikusomee athari kabla hujatamka," alisema Mrutu, akikiweka kikombe mbali kidogo, kana kwamba si adabu kusema maneno hayo karibu na chai. "Ukichoka niambie ninyamaze."

"Sichoki. Soma."

Mkataba wa Mawe ulikuwa na kifungu kimoja ambacho hata watoto wa shule walikijua: jiwe lenye jina haliguswi. Ulitungwa baada ya makampuni ya kwanza kuyasaga mawe ya mbinguni kama kokoto za barabara, makubwa kwa madogo, mpaka watu waliotumia maisha yao kuyatafuta wakawa wanaelekeza darubini mahali na kukuta vumbi. Wanafalaki walilalamika wee, mwishowe wakaachiwa hicho kimoja. Mgunduzi akitamka jina mbele ya shahidi, jiwe linakuwa kama kaburi, na aliyemo humo hufungasha virago. Asipotamka, kimya chake ni ruhusa. Kimya cha Nyamizi kiliwaruhusu wachimbaji kuingia, na miongoni mwao aliingia mtoto wake.

"Jiwe lina watu thelathini na wanane," Mrutu alisoma. "Barafu ya upande wa kaskazini imekwisha. Iliyobaki ni ule mshipa alimo marehemu. Mashine zimezimwa tangu siku ya ajali. Maji waliyonayo yanawatosha kuingoja meli ya kuwarudisha duniani, wakijibana. Safari ni mwaka na zaidi. Watu wazima watavumilia."

Akakisogeza kikombe mbali zaidi. Nyamizi alimtazama.

"Kuna mtoto mchanga," Mrutu aliendelea. "Amezaliwa humo humo. Mtoto aliyeumbwa pasipo na uzito, hakuna ajuaye moyo wake utafanya nini akiletwa duniani. Madaktari wamegawanyika. Vituo vingine vya ukandani vimekataa kumpokea, havina ruhusa ya watoto. Nimetakiwa nikusomee hivyo tu. Sikutakiwa nikushauri."

"Nimesikia," alisema Nyamizi.

Alisikia kweli, maneno yote, kwa mpangilio wake. Alingoja yamguse. Hayakumgusa. Nje upepo ulikuwa ukipitisha mchanga juu ya paa la bati la jikoni, na alijikuta akiwaza kwamba paa lile linahitaji misumari.

"Basi tuingie kwenye historia," Mrutu alisema. "Kila jina huandamana na maelezo mafupi. Lilionekana lini, na nani, kwa njia gani. Sema tu, ninarekodi."

*

Hadithi hiyo Nyamizi aliijua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani, na aliisimulia vivyo hivyo, bila kutazama chini.

Mwaka huo wa 2091 alikuwa mwanagenzi hapo hapo kituoni, na kazi yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Darubini ilipiga picha za sehemu moja ya anga mara nne, kila picha ikiachana na mwenzake kwa nusu saa hivi. Mashine ilizilinganisha. Nyota hazisogei kwa muda mfupi namna hiyo, kwa hiyo nukta yoyote iliyosogea kutoka picha hadi picha ilikuwa jambo la kufuatilia: huenda ni asteroidi, jiwe linalolizunguka jua. Mashine ilikuwa hodari, lakini ilikuwa na kiburi. Kila ilichokitilia shaka ilikiita uchafu wa kioo na kukitupa. Mwanagenzi kazi yake ilikuwa kuchakura hilo jalala asubuhi, picha baada ya picha, kuhakikisha hakikutupwa cha maana. Kwa kawaida hakikuwapo.

Nyamizi alichakura akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa akilia. Alikuwa analia tangu azaliwe. Hospitali walimpima wakasema ni mzima wa afya. Mama mkwe wake, Kashinje, alisema kuwa hospitali haiwezi kupima kitu ambacho mtoto hana: analilia jina. Yuko marehemu anataka kurudi kuitwa, na mpaka apatikane ni nani, hapa hapalaliki. Kwa kuwa Nyamizi hakuwa na ruhusa ya kukaa nyumbani, Kashinje alimfuata kazini. Akaketi kwenye kigoda nyuma ya mashine, akiwa na bakuli lake la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, akawa anatafuna na kuita wafu wa ukoo mmoja mmoja. Mkuu wa kituo alipita, akatazama, akaamua kwamba hakuona kitu.

"Kama ni wewe Lufunga, nyamaza," alisema Kashinje. Mtoto akalia. "Kama ni wewe Igogo, nyamaza." Mtoto akazidisha. Wengi wakaitwa, wengi wakakataliwa. Ndipo bibi akamkumbuka kaka yake mwenyewe, aliyekufa kijana, aliyekuwa na miguu isiyotulia. "Kama ni wewe Mihayo," alisema, "nyamaza."

Mtoto akanyamaza.

Chumba kikawa kimya kwa mara ya kwanza katika majuma mengi. Nyamizi aliogopa hata kupumua. Alibaki amekodoa macho palipokuwa mbele yake, kwenye picha iliyotupwa jalalani, kwa kuwa hakuthubutu kugeuza shingo. Na kwa kuwa alitazama kwa utulivu ambao hakuwahi kuupata tangu ajifungue, akaiona. Nukta hafifu, karibu na nyota mbili zilizobanana, na katika picha ya pili ilikuwa imezisogelea, ya tatu imezipita.

Akapeleka vipimo ofisi ya dunia inayotunza mawe ya angani. Kwanza likapewa alama ya muda, mwaka na herufi, 2091 FK7, kama kitambulisho cha mgeni. Kisha likafichwa na jua, likatafutwa tena, likapatikana, likafichwa, likapatikana. Jiwe haliaminiki mpaka lifuatiliwe kwa miaka kadhaa na njia yake ijulikane bila shaka, maana mengi huonekana mara moja yakapotea. Mihayo alipoanza shule ndipo lilipopata namba yake ya kudumu, ndefu, iliyoishia na kumi na nane. Wachimbaji waliokuja baadaye waliliita hivyo: Kumi na Nane.

Mihayo yeye aliliita mdogo wangu. Alijua kwamba waligunduliwa siku moja, kama mwenyewe alivyosema. Akiwa mdogo alidai aonyeshwe liko upande gani, na mama yake alimwinua begani akamnyooshea kidole. Hilo Nyamizi hakulisema kwenye chombo cha kurekodia. Yeye ndiye aliyemwonyesha njia, na haikuwa sehemu ya historia ambayo sheria iliitaka.

*

"Inatosha," alisema Mrutu taratibu. "Sasa ni jina tu. Sema namba, halafu sema jina, nami nitasema nimeshuhudia."

Nyamizi akafungua kinywa, na mlango ukafunguliwa.

Aliyeingia alikuwa Chilongani, fundi wa mitambo ya mawasiliano, Mgogo wa Mpwapwa aliyezeeka pamoja na kituo. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu zama za misafara, na kwa miaka yote hiyo hakupitisha siku bila kumwita Nyamizi mpagazi, naye akimwita ombaomba. Kwenye msiba kazi ya mtani ni kumchokoza mfiwa hadi acheke. Kwenye matanga ya Mihayo Chilongani alikuja, akapasua kuni, akaondoka bila neno, na tangu hapo amekuwa akimpitia mbali.

"Samahani, mgeni," alimwambia Mrutu. Kisha akamgeukia Nyamizi. "Kuna sauti imekuja kutoka Kumi na Nane. Ni ya kwako binafsi. Nimesikia mwanzo tu nikaona nisingoje."

"Sipokei."

"Ni Milembe."

Nyamizi alilijua jina hilo. Milembe ndiye aliyekuwa kwenye winchi siku ile, ndiye aliyeivuta kamba. Baada ya ajali alituma salamu za rambirambi ambazo zaidi ya nusu yake ilikuwa pumzi. Nyamizi hakuzijibu. Hakuwa na kinyongo naye. Hakuwa na kitu chochote naye.

Chilongani hakungoja tena ruhusa, akawasha spika. Kilichotangulia kutoka hakikuwa neno. Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, kikavu, cha kukatakata, cha mtu aliyelia mpaka sauti ikaota sugu. Nyuma yake mwanamke alikuwa akisema kwa haraka.

"Shikamoo, mayu, mama yetu. Ni Milembe, wa Bariadi. Samahani kukusumbua. Nimejifungua mtoto wa kiume na halali, mayu. Daktari wetu amempima kila mahali, anasema hana ugonjwa. Kila mtu humu ndani macho mekundu. Mihayo alitusimulia kwamba na yeye alilia hivi hivi, mpaka bibi yake akampatia jina. Mimi nililelewa kituo cha watoto yatima. Namjua mama yangu tu, na jina lake nimeshamwitia, hakulitaka. Mume wangu ni mtu wa pwani, kwao hawana haya mambo. Sina wakubwa wa kuwaita. Nikasema, asiye na wakubwa huazima. Kama utaweza, mayu, niitie wa kwenu."

Sauti ikakatika. Chumbani ukabaki mvumo mdogo wa feni.

Mrutu alikuwa amekizima chombo chake cha kurekodia. "Naweza kungoja," alisema.

Nyamizi alivuta kiti mbele ya kinasa sauti. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu mtu akiombwa majina huyatoa, kama anavyompa maji mpita njia bila kumuuliza atokako. Kutoka pale hadi kule sauti huchukua karibu dakika ishirini, na jibu muda kama huo; ukiuliza kitu, chai hupoa kabla ya kujibiwa.

"Milembe, mwanangu. Mweke karibu na spika. Nitaita mmoja mmoja na kila mmoja nitampa nafasi. Utakayemwona amemnyamazisha, ndiye."

Kisha akasikia sauti ya Kashinje ikitoka kinywani mwake.

"Kama ni wewe Lufunga, uliyefia njia ya Bagamoyo na pembe begani, nyamaza."

Akangoja.

"Kama ni wewe Igogo, uliyecheza ngoma mpaka ukakosa mke, nyamaza."

Chilongani aliguna kidogo, akajizuia.

"Kama ni wewe Ndono, uliyefukiwa na kisima cha Itobo, nyamaza. Kama ni wewe Kapela, mume wangu, nyamaza. Kama ni wewe Kashinje, mama mkwe wangu mwenye maneno, nyamaza."

Aliendelea, nyuma zaidi, kwa watu aliowajua kwa majina tu. Walipokwisha akazima kinasa.

"Umeruka mmoja," alisema Chilongani.

"Huyo ana kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kulinda jiwe."

Chilongani akasimama. Akaenda kuchemsha chai nyingine, na wakakaa watatu, Mpare na Mgogo na Mnyamwezi, wakiingoja sauti iende na irudi. Chilongani aliweka na sahani ya matobolwa mezani. Mrutu alitafuna kimoja kwa heshima. Nyamizi hakugusa. Kwa miezi mitano alikula kwa kuwa saa ya kula ilifika, na chakula chote kilikuwa na ladha moja, ya kitu kilichomo mdomoni.

Sauti iliporudi, ilirudi na kilio. Kilikuwa kile kile, hakikupungua wala kukatika, na chini yake walimsikia Nyamizi mwenyewe, mdogo, wa mbali, akiita wafu katika chumba kilichochimbwa ndani ya jiwe. Lufunga alikataliwa. Igogo alikataliwa. Ndono, Kapela, Kashinje, wote. Halafu Milembe.

"Asante, mayu. Amewakataa wote. Umewamaliza?" Alisita. "Tumeambiwa leo unalipa jiwe jina. Usidhani nimekupigia kwa ajili hiyo. Humu hakuna atakayekulaumu. Tulizima mashine wenyewe, hatukuambiwa na mtu. Nani angekata pale alipolala mwenzetu bila neno la mama yake? Ukisema tutoke, tutatoka. Mimi nilitaka tu mtoto alale."

*

Mrutu alisimama akaenda kutazama dirishani, ingawa nje hapakuwa na cha kutazama ila majabali.

"Nilipaswa nikuchokoze kwenye matanga," Chilongani alisema. "Niliogopa. Mtani mwoga ni mtu bure. Ngoja nilipe leo."

"Chokoza."

"Ninyi wapagazi, zamani hizo mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Mwenzenu akifa njiani mlimfanyaje?"

"Alizikwa palipomkuta."

"Mzigo wake?"

"Ulibebwa na mwingine."

"Na jina lake?"

"Jina lilirudi nyumbani. Aliyefika ndiye aliyelifikisha, likangoja mtoto."

"Ndiyo nashangaa," alisema Chilongani. "Mnyamwezi gani wewe, unataka kulitelekeza jina njiani, likae na jiwe? Jiwe haliitiki. Hata sisi ombaomba hatujawahi kuomba kitu kisichoitika."

Siku nyingine lingekuwa jambo la kuchekesha. Nyamizi aliitazama mikono yake mezani, akaona kwamba imeshikana. Halikuwa swali la jiwe. Lilikuwa ni neno moja ambalo kwa miezi mitano alilizunguka kama shimo, na sasa likatoka lenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Watamnywa."

Mrutu aligeuka kutoka dirishani, kisha akageukia dirisha tena.

"Mashine ikipita hapo alipo, haitajua," alisema Nyamizi. "Itamsaga pamoja na barafu. Watapika uji kwa maji hayo. Watamwogesha mtoto. Nikilipa jiwe jina, atabaki mzima, hata kama simwoni. Hicho ndicho ninachokitaka. Abaki mzima mahali."

Na aliposema hivyo akamkumbuka Ndono. Alikuwa amemwita muda mfupi uliopita, kwa mazoea, bila kumfikiria, kama watu wanavyowaita wafu wa zamani. Ndono alichimba kisima cha Itobo mwaka wa ukame, na kikamfunika kabla hajafikia maji. Hawakuweza kumtoa. Walilia, wakamtambikia, halafu wakasogea hatua chache pembeni wakachimba tena, kwa kuwa watoto walikuwa na kiu, na maji yakaja. Nyamizi alikulia kwenye kisima kile. Aliyateka maji yake kwa ndoo, akayanywa kwa kata, akafuliwa nepi nayo. Kila mtu kijijini alijua Ndono yuko wapi. Hakuna aliyewahi kuyaona maji yale kuwa kitu cha kutisha. Waliyaita maji ya Ndono, wakashukuru.

Alijaribu kuona kama jambo hilo limempunguzia kitu. Halikumpunguzia. Ganzi ilikuwa pale pale. Lakini aligundua kwamba mtu hahitaji kusikia maumivu ya mguu ili autumie kusimama.

"Bwana Mrutu," aliita. "Washa chombo chako."

Mrutu akawasha. Nyamizi akavuta kinasa sauti kwanza, kile cha Chilongani, kile cha kwenda mbali.

"Milembe. Sikuwamaliza. Yuko mmoja nilimficha. Msogeze."

Jina lile lilikuwa limekaa kinywani miezi yote hiyo, na kila alipolisema lilitanguliwa na neno marehemu. Sasa alipaswa kulisema likiwa peke yake, na ilimchukua muda.

"Kama ni wewe Mihayo," alisema, "mwanangu, nyamaza."

Akazima. Akamgeukia Mrutu, akasema ile namba ndefu mpaka kumi na nane bila kukosea tarakimu, akaongeza: "Mimi mgunduzi wake silipi jina. Libaki na namba yake. Wanaoishi humo waendelee, na wakate barafu popote ilipo. Haki yangu nimeiacha na sitairudia."

"Mama," alisema Mrutu, "jibu la mtoto halijarudi. Huenda na hilo atalikataa. Hungojei kwanza?"

"Akilikataa atakuwa bado na kiu."

Mrutu akainamia chombo chake. "Nimeshuhudia," alisema.

Wakangoja. Chai ilipoa kwenye vikombe vyote vitatu. Mchanga ulipita tena juu ya bati la jikoni. Nyamizi aliuhesabu muda kwa feni, akapoteza hesabu, akaacha.

Spika ilipowaka, haikutoa kitu. Wote watatu waliinamisha vichwa kuielekea. Haikutoa kitu kwa muda mrefu.

"Imekatika?" Nyamizi aliuliza.

Chilongani alizitazama taa za mtambo wake moja baada ya nyingine. "Haijakatika," alisema. "Iko hewani. Ndivyo kulivyo huko."

Ulikuwa ukimya ule ule. Nyamizi aliutambua kama mtu anavyoutambua mlango wa nyumba aliyokulia. Alikaa bila kugeuza shingo, na taratibu, ndani ya ukimya, akasikia pumzi ndogo zinazopanda na kushuka, halafu Milembe akinong'ona karibu sana na kinasa.

"Mayu. Mihayo amenyonya. Mihayo amelala."

Kisha spika ikazimika yenyewe. Mrutu alifunga mkoba wake bila kelele, akaaga kwa kuinama, akaziteremka ngazi.

Nyamizi alibaki kitini. Aliweka kiganja tumboni, akakibonyeza kidogo, kama anayepapasa kitu gizani.

"Nina njaa," alisema kwa mshangao.

Chilongani akaisukuma sahani ya matobolwa mpaka mbele yake. "Tumefika mwisho wa dunia," alisema. "Leo Mnyamwezi anamwomba Mgogo chakula."

Nyamizi alichukua kimoja, akatafuna. Kilikuwa kitamu, kigumu, na kilimkaba kooni, hata ikambidi anyooshe mkono kuomba maji. Chilongani akamjazia bilauri kutoka kwenye mtungi. Nyamizi aliiinua, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, maji safi yasiyo na kitu ndani yake. Akaishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka yakaisha.